Mwangwi uliomjibu sista: historia ya rezista mwishoni mwa waya

Nimepotea kwa wiki kadhaa, mnisamehe, kazi ilinibana na huku kwetu Litein stima nayo imekuwa ya kubahatisha. Leo sina kodi ya kuwaonyesha. Nataka kujibu swali ambalo limenifikia mara nyingi: kale karezista kadogo kanakowekwa mwishoni mwa waya kanafanya kazi gani, na kwa nini ukikatoa kila kitu kinaharibika?

Jibu fupi ni kwamba kanazuia mwangwi. Jibu refu linaanzia kwenye telegrafu ya karne ya 19, linapita kwenye reli ya Uganda hapo Lumbwa, linaingia saiba moja ya Kericho na kuishia kwenye zahanati upande wa Bomet ambako nilifanya kosa ambalo bado linanisumbua. Chukua kikombe cha chai, tuko pamoja.

Kwanza fizikia kidogo, naahidi haitauma. Simama ukingoni mwa bonde la mto Kipsonoi, upige kelele. Sauti inavuka bonde, inagonga mteremko wa ng'ambo na inakurudia. Inarudi kwa sababu imetoka hewani ikakutana ghafla na kitu kisichofanana na hewa. Umeme kwenye waya mrefu unafanya hivyohivyo. Kila waya una tabia yake ya kupokea wimbi, nayo inapimwa kwa omu na inaitwa impidansi. Wimbi likifika mwisho na kukuta kitu chenye impidansi tofauti, sehemu yake inageuka na kurudi ilikotoka. Likikuta kitu chenye impidansi sawa na ya waya wenyewe, halijui kwamba waya umeisha. Linaingia, linageuka joto, basi. Kitu rahisi kuliko vyote cha kuweka hapo mwishoni ni rezista.

Kiasi kinachorudi unakipata hivi: chukua omu za mzigo, toa omu za waya, halafu gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Mzigo wa 75 kwenye waya wa 50 unakupa 25 kwa 125, yaani 0.2. Sehemu moja ya tano ya volteji inarudi nyumbani. Ikumbukeni hii 0.2, tutakutana nayo tena.

Haya, historia.

Kebo ya kwanza ya baharini kufika pwani yetu ni ile ya Eastern and South African Telegraph Company, iliyolazwa mwaka 1879 kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini mpaka Durban. Mombasa iliunganishwa na Zanzibar mwaka 1890. Kisha ikaja reli, na kando ya reli zikaja nguzo za telegrafu. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na stesheni iliyohudumia Kericho ilikuwa Lumbwa. Lumbwa ni jina ambalo wakoloni waliwabandika Wakipsigis. Leo stesheni hiyo inaitwa Kipkelion.

Ndugu zetu Wanandi hawakuipokea telegrafu kwa vigelegele. Katika miaka ya vita vyao na Waingereza, ambavyo kwa kiasi kikubwa vilikwisha Koitalel arap Samoei alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905, waya ulikatwa mara kwa mara na kugeuzwa mapambo ya mikono na shingo. Vitabu vya zamani vinaliita jambo hili wizi. Mimi naona waya ulikuwa umepitishwa kwenye ardhi ya watu bila kuulizwa, ukibeba amri za kuwahamisha. Mashamba makubwa ya chai ya Brooke Bond na James Finlay yalipoanza Kericho katikati ya miaka ya 1920, yaliikuta ardhi ambayo wengi walikuwa wameshaondolewa. Kesi za ardhi hiyo hazijaisha hadi leo, na hiyo ni makala nyingine.

Turudi kwenye waya. Waya ulikuwa ghali: nguzo, shaba au chuma, vikombe vya kauri, walinzi. Kwa hiyo tangu mapema watu walijiuliza kama waya mmoja unaweza kubeba ujumbe kwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Shida inaeleweka. Ukibonyeza kitufe chako, mkondo unapita kwenye mashine yako ya kupokelea pia, na kelele zako mwenyewe zinafunika za mwenzako. Ni kama kujaribu kumsikia mtu huku unapiga kelele.

Mwaka 1853 Julius Wilhelm Gintl, Mwaustria, alionyesha njia, na mwaka uliofuata Frischen na Siemens kule Ujerumani wakaiboresha. Naona ujanja wao ni moja ya mawazo mazuri kabisa katika uhandisi wote. Ugawe mkondo wako mara mbili. Nusu moja iende kwenye waya halisi. Nusu ya pili iende kwenye waya bandia, yaani kisanduku cha rezista kilichokaa mezani, chenye omu sawasawa na za waya ule mrefu. Mikondo hiyo miwili ipite kwenye koili mbili zinazovutana kinyume ndani ya mashine yako ya kupokelea. Kama kisanduku kinauiga waya vizuri, nguvu zinalingana na mashine yako haitikisiki. Mkondo wa mwenzako unaotoka mbali unapita kwenye koili moja tu, na wenyewe unaitikisa. Umeondoa sauti yako, umebaki na yake.

Someni tena aya hiyo kama haikuingia, kwa sababu yote yanayofuata ni wazo hilohilo likibadilisha nguo.

Lilikuwa na kasoro. Waya mrefu hauna omu tu. Una uwezo wa kuhifadhi chaji kama ndoo, na ndoo hiyo inachelewesha mambo. Rezista haina ndoo. Kwa hiyo kila ukibonyeza kitufe, mashine ilishtuka kidogo kabla ya kutulia. Mwaka 1872 Joseph Stearns wa Boston aliongeza kapasita kwenye kisanduku, waya bandia ukapata ndoo yake, na njia hii ikaanza kutumika kibiashara. Katika miaka hiyohiyo Muirhead alitengeneza waya bandia wa kuiga kebo za baharini, ambazo zina ndoo kubwa mno.

Na kisanduku hakikuachwa kikae vivyo hivyo. Mvua ikinyesha, vikombe vya kauri vinalowa, umeme unavuja kwenye kila nguzo, na omu za waya zinabadilika. Karani alilazimika kuzungusha vifundo vya rezista mpaka mashine itulie tena. Fikiria kazi hiyo mahali kama Kericho, ambako mvua haikosi alasiri.

Kijana mmoja wa Kiingereza aliyefanya kazi ya telegrafu huko Newcastle aliandika kuhusu waya huu wa njia mbili mwaka 1873. Aliitwa Oliver Heaviside. Alikuwa na matatizo ya kusikia, hakusoma chuo kikuu, na mwaka 1874 aliacha kazi na hakuajiriwa tena. Akakaa nyumbani kwa wazazi wake na kuandika hesabu. Neno lenyewe impidansi ni lake, alilitumia mwaka 1886. Mwaka uliofuata alionyesha jinsi ya kujenga waya usioharibu umbo la sauti. William Preece, mhandisi mwandamizi katika Posta ya Uingereza, aliipinga nadharia hiyo, na makala ambayo Heaviside aliandika na kaka yake Arthur ikazuiwa. Uingereza ilichelewa miaka mingi kwa simu za masafa marefu. Waliotajirika kutokana na wazo hilo walikuwa Marekani, baada ya Pupin kupata hataza ya koili zake mwaka 1900. Kila nikikutana na bosi anayekataa ripoti kwa kuwa haelewi hesabu zake, namkumbuka Preece.

Sasa tuingie kwenye simu, na tuone ile namba 600 ilitoka wapi. Msomaji wa vifaa vya sauti ameiona kila mahali: "omu 600". Haikushuka mbinguni. Chukua nyaya mbili za shaba zenye unene wa milimita 4, zitundike kwenye nguzo zikiachana sentimita 30, kama tulivyoziona barabarani tukiwa watoto. Zidisha umbali mara mbili, gawanya kwa unene, unapata 150. Logi ya 150 ni 2.176. Zidisha kwa 276. Jibu: omu 600. Namba hiyo ni nyaya za nguzo, imebaki kwenye vifaa hata baada ya nguzo kung'olewa.

Na simu ilihitaji kisanduku cha Frischen na Siemens kuliko hata telegrafu. Nyumbani kwako zinaingia nyaya mbili tu, zinazobeba sauti yako na ya mwenzako pamoja. Lakini kipaza sauti cha njiani hupeleka upande mmoja tu, kwa hiyo safari ndefu inahitaji njia mbili tofauti, nyaya 4. Pale nyaya 2 zinapokutana na nyaya 4 panawekwa kifaa kinachoitwa haibridi, na ndani yake mna waya bandia. Kwa miaka mingi huko Marekani waya bandia huo ulikuwa rezista moja, ya omu 600 au 900, na kapasita moja ya mikrofaradi 2.16. Iwapo laini ni ya 900 na kisanduku ni cha 600, piga hesabu yetu: 300 kwa 1,500. Ndiyo, 0.2 tena. Sehemu moja ya tano ya sauti ya mpigaji inavuka haibridi na kumrudia.

Simu ya hapa na pale tu haina tabu, mwangwi unarudi haraka kiasi kwamba sikio linadhani ni sauti yako mwenyewe. Balaa ni umbali. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilipofunguliwa mwaka 1970, simu ya kwenda Ulaya ilipanda kilomita 36,000 angani na kushuka nyingine 36,000. Kwenda tu ni karibu robo sekunde, na mwangwi kurudi ni nusu sekunde. Waliopiga simu za nje zamani hizo wanajua: unasema "halo", halafu unasikia "halo" yako.

Kabla ya zahanati, niwapitishe saiba, kwa sababu ndiko nilikokutana na rezista uso kwa uso. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa nahudumu kwenye saiba moja mjini Kericho, kompyuta 6 zilizounganishwa kwa kebo moja nyembamba ya koaksi, Etheneti ya zamani ya aina ya 10BASE2. Kila mwisho wa kebo ulikuwa na kofia ya chuma, na ndani ya kofia rezista ya omu 50. Asubuhi moja mtandao wote ulikufa. Kadi za mtandao zote zilikuwa zikilia kwamba kuna mgongano, yaani kompyuta mbili zinaongea pamoja. Nilizima kompyuta 5, nikabakiza 1. Bado mgongano! Inagongana na nani?

Kofia moja ilikuwa imepotea. Sababu ni nzuri sana. Kadi hizo zilitambua mgongano kwa kupima volteji: kompyuta moja ikiongea inakuwa kiasi fulani, mbili zikiongea inakuwa mara mbili. Kompyuta inaziona kofia mbili za omu 50 kwa pamoja kama omu 25. Ukitoa moja zinabaki 50, mkondo uleule unazalisha volteji mara mbili, na kadi inaapa kwamba kuna mtu wa pili. Fundi wa redio wa jirani aliniuzia rezista mbili za omu 100, nikaziunganisha sambamba kupata 50, nikazibana mwishoni mwa kebo kwa solotepu. Ilifanya kazi miezi mingi. Baadaye mwenye saiba alinunua kebo ya TV kwa kuwa ilikuwa bei nafuu, ile ya omu 75, na tukarudi kwenye 0.2 yetu.

Unaweza kuunganisha 75 na 50 kwa rezista mbili, moja ya 43.3 kwa mfululizo upande wa 75 na nyingine ya 86.6 kukatiza upande wa 50. Kila upande utaona kinachofanana naye, pima mwenyewe kwa kalamu. Ila ni karibu robo tu ya nguvu inayovuka, zinazobaki zinakuwa joto. Rezista hulipisha, na ndiyo maana antena za TV hutumia transfoma ndogo badala yake.

Sasa zahanati. Karibu na mwaka 2006 niliajiriwa na kampuni moja, jina niliweke kando, kufunga simu za intaneti kwenye zahanati moja upande wa Bomet, katikati ya chai. Shaba haikufika pale. Tulipandisha dishi la setilaiti, tukaweka simu ya mezani, na Nairobi tukaweka seva yenye kadi ya laini 4 za kawaida. Sista akipiga simu, sauti yake inapanda angani, inashuka Nairobi, inaingia kwenye kadi, na kutoka hapo inasafiri kwa shaba hadi kwa daktari. Mimi ndiye niliyeandika programu ya kuendesha yote hayo. Nilijivuna kweli.

Baada ya wiki mbili sista alinipigia akalalamika, kwa upole, kwamba daktari siku hizi anakubali kila anachomwambia. Sikuelewa. Akanifafanulia: akiuliza "vidonge viwili?" anasikia "viwili". Akiuliza "nimrudishe nyumbani?" anasikia "nyumbani". Mara moja alisikia "viwili" halafu baada ya kitambo daktari akasema hapana, nusu, huyu ni mtoto.

Nilihisi baridi mgongoni. Ule haukuwa uthibitisho wa daktari. Ilikuwa sauti ya sista mwenyewe, imepigwa na kadi yangu Nairobi na kurudi kwa setilaiti baada ya zaidi ya nusu sekunde, muda uleule ambao mtu hutumia kujibu. Kwa kelele za laini ile, sauti ya mtu kurudi nyembamba hivyo haitambuliki kirahisi.

Na bado nilifanya mambo ya kijinga kwanza. Nilipunguza sauti kwenye seva. Mwangwi ukapungua, na daktari naye akapungua, ikawa hawasikilizani. Siku kadhaa zikapotea hivyo. Programu ya kufuta mwangwi nilikuwa nayo, ilikuja na seva, lakini ilikuwa imezidiwa, mwangwi ulikuwa mkubwa kuliko ilivyotarajia.

Tatizo lilikuwa kwenye kisanduku cha Frischen na Siemens. Kadi ilitoka kiwandani ikiwa imewekwa omu 600 kavu, kana kwamba nje kuna zile nyaya za nguzo. Nje palikuwa na kebo ya chini ya ardhi, nyaya nyembamba za nusu milimita zilizosongamana, zenye ndoo kubwa. Ukipiga hesabu ya kebo ya namna hiyo, kwa sauti nzito ya hezi 300 ina omu kama 1,300, kwa hezi 1,000 kama 730, na kwa sauti nyembamba ya hezi 3,400 kama 400. Hakuna rezista moja inayoweza kuuiga waya wa namna hiyo. Ndiyo maana Ulaya walikubaliana kiwango cha pamoja chenye rezista ya 270, ikifuatwa na ya 750 yenye kapasita ya nanofaradi 150 ubavuni: sauti nzito inaona zote mbili, 1,020, na nyembamba inapita kwenye kapasita na kuona omu chache zaidi. Ni Stearns wa 1872 mtupu.

Kadi ilikuwa na programu ndogo ya kutuma toni kwenye laini, kusikiliza kinachorudi, na kuchagua mpangilio unaorudisha kidogo zaidi. Niliiendesha usiku, laini zikiwa kimya, ikachukua dakika kadhaa kwa kila laini. Yaani ilikuwa inazungusha vifundo kama yule karani wa siku za mvua. Asubuhi mwangwi ulikuwa mdogo, na programu ya kufuta ikaweza kuumaliza uliobaki.

Programu hiyo ya kufuta nayo ni waya bandia, safari hii umetengenezwa kwa namba. Yangu ilikuwa na namba 128. Sauti ya simu hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo zilitosha kuiga milisekunde 16 za mwangwi. Kila sampuli ikipita, programu inakisia mwangwi utakuwaje, inautoa, inaangalia ilikosea kiasi gani, na kusogeza namba zake kidogo. Kanuni ya kusogeza ni ya Widrow na Hoff, ya mwaka 1960, na maabara za Bell ziliitumia kwa mwangwi wa simu katika muongo huohuo. Ndani yake kuna mistari kama 10 ya kodi. Nikipata nafasi nitaiandika hapa kwa C, mkaijaribu.

Hakuna mgonjwa aliyedhurika, na sifa hazinihusu. Nilipokwenda kule kujaribu laini nilikuta sista alishajitengenezea itifaki yake muda mrefu. Yeye anauliza kwa Kiswahili, na daktari lazima ajibu kwa Kipsigis. Daktari alikuwa mtu wa Pwani, ikabidi ajifunze kuhesabu. Sista akisema "viwili?", asiposikia "aeng'" hafungui chupa. Nilimweleza kwa furaha kwamba sasa mwangwi umekwisha na anaweza kuongea kawaida. Akaniuliza kama nina uhakika hautarudi. Nikafikiria mvua, nikafikiria ile kebo, nikasema hapana. Akaendelea na "aeng'" na "somok" zake, na nilipoacha kazi ile mwaka 2009 walikuwa bado wanaongea hivyohivyo.